Besi ya Chini ya Ngazi

Jumamosi mchana mji wa Litein hujaa mpaka mtu akapoteza kiatu na asione haja ya kurudi kukitafuta. Akina mama wa ndizi husogeza mikungu yao hadi barabarani, bodaboda hupiga honi bila sababu, na lori la majani chai likipita kila mtu hukaa kando bila kuambiwa. Katikati ya vurumai hiyo, chini ya jengo la ghorofa moja karibu na stendi, Aron alikuwa ameinamia simu ya mtu, bisibisi mkononi, akijifanya hasikii chochote. Kumbe alikuwa akisikia kila kitu, hasa kilichoimbwa juu ya kichwa chake.

Huko juu palikuwa na ukumbi ambamo kwaya ya mji ilifanya mazoezi kila Jumamosi. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Aron aliijua idadi kwa kuhesabu vishindo vya viatu, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuzipanda. Zamani, kwaya ilipokuwa ikiimbia kwenye shule ya nasari iliyo chini kule nyuma ya soko, alikuwa besi wao. Kisha lori la majani likapinduka naye kwenye kona, na tangu hapo, miaka sita sasa, miguu yake imekuwa abiria tu kwenye kiti cha magurudumu. Kwaya ikahamia juu. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemuuliza.

"Fundi, hii skrini itawezekana?"

Aliyeuliza alikuwa dada mrefu mwenye gauni la kitenge cha njano, sweta jeusi juu yake kwa ajili ya baridi, na tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Bila shaka alikuwa ameisahau.

"Skrini itawezekana," Aron alisema bila kuinua kichwa. "Lakini ule mstari wa pili wa alto sina dawa yake. Mmeuharibu kabisa."

"Ati nini?"

"Mnashuka mapema. Wiki ya nne sasa mnashuka mapema."

"Na wewe ni nani, mwalimu wa kwaya?"

"Mimi ni mpangaji wa chini. Mnaimba juu ya kichwa changu, si lazima nijue?"

Yule dada akaweka mikono kiunoni. "Haya, imba wewe tusikie."

Aron akaweka bisibisi chini, akaimba. Hakuimba alto, aliimba besi yake, polepole, na mama aliyekuwa anapita na kabichi akasimama. Yule dada akajikuta ameshika ukingo wa meza.

"Aki wewe! Sasa unafanya nini huku chini na sauti kama hiyo?"

"Natengeneza simu."

"Mbona haupandi?"

Aron akasukuma magurudumu, akarudi nyuma kidogo ili aone mwenyewe. Alishazoea kinachofuata: pole, kichwa kuinamishwa upande, swali kuhusu madaktari. Lakini yule dada alikitazama kiti, kisha akageuka akazitazama zile ngazi kwa hasira, kana kwamba zimemtukana yeye.

"Naitwa Nyabate," akasema. "Nashona nguo pale nyuma ya soko. Simu nitaichukua saa ngapi?"

Simu ilikuwa tayari saa kumi, ila Aron alimwambia haijaisha, arudi Jumatatu. Mapenzi yana wizi wake mdogo mdogo.

Nyabate alikuwa ametoka Nyamira miaka miwili iliyopita kuja kutafuta wateja. Wateja aliwapata, watu wa kuongea nao hakuwapata. Kwenye kwaya aliimba katikati ya watu thelathini, wakimaliza walitaniana kwa Kikipsigis, lugha asiyoielewa, mpaka kwenye ngazi, naye akishuka nyuma yao.

"Huwa nacheka wakishamaliza kucheka," alimwambia Aron kwenye simu.

"Wakicheka tena nipigie nikutafsirie."

"Utanidanganya."

"Nitakudanganya vizuri, lakini."

Walipigiana kila jioni. Waliitana fundi wote wawili, na mtu angewasikia angedhani ni mafundi wawili wa mjengo.

"Umekula, fundi?"

"Nimekula ugali na maziwa ya mursik. Na wewe, fundi?"

"Mimi nimekula chai. Sikutaka kupikia mtu mmoja."

"Hiyo sufuria ya mtu mmoja hata mimi naijua," Aron alisema.

Jumamosi Nyabate akaanza kufungua dirisha la ukumbi lililo juu ya duka. Kwaya ikianza, Aron naye anaanza kule chini, na besi yake inapanda hadi dirishani mpaka wapita njia wanainua shingo kutafuta redio iko wapi. Mwalimu Hezekiah, kiongozi wa kwaya, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata siku ya matope, hakupendezwa. Alisema kwaya ni watu waliosimama pamoja kwa mistari iliyonyooka, si sauti za kuokotwa barabarani.

"Aron, si ungepanda tu?" Nyabate alimuuliza jioni moja. "Wanaume wako. Wanaweza kukusaidia."

"Waambie wanibebe kama bwana harusi. Nipande na vigelegele."

Walicheka sana. Alipokata simu Aron hakuwa anacheka tena, lakini hilo Nyabate angelijuaje?

Agosti ikaja, na Jumamosi moja wageni walitarajiwa, kwaya mbili kutoka Bomet na Kapsoit. Mchana ule Nyabate alishuka na shati la kitenge cha njano, kitambaa kilekile cha kwaya.

"Vaa."

"Umenipima lini?"

"Kwa macho. Mbona, unafikiri nilikuwa naangalia nini siku zote hizo?"

Shati lilimkaa barabara. Aron alilishika kola, akatabasamu kwa furaha. Ndipo alipoona wanaume wanne wamesimama nyuma ya Nyabate, wamekunja mikono ya mashati.

"Leo ni leo, bwana harusi!" Nyabate alisema, uso unawaka kwa furaha.

Kabla Aron hajafungua mdomo, kiti kilikuwa hewani. Huku wanawake wakipiga vigelegele, huku mtu akipiga video. Kiti kiliinama, miguu yake ikaning'inia ikigonga ukuta, na kwenye kila ngazi aliona vichwa vya watu kutoka juu. Huko ukumbini watu wote walisimama wakapiga makofi, hata Mwalimu Hezekiah. Walimweka pembeni kabisa, kando ya ngoma, ili asiharibu mstari. Wimbo ukaanza. Aron alifungua mdomo, sauti ikakataa kutoka.

"Nishusheni," akasema wimbo ulipokwisha. Wakamshusha, na mara hii hakuna aliyepiga kigelegele.

Nyabate alimfuata mbio mpaka dukani. "Nini mbaya? Wamekuumiza?"

"Nani alikwambia nataka kubebwa?"

"Si wewe! Wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilikuwa natania!"

"Sasa mimi nitajuaje, Aron? Kila kitu kwako ni utani. Nitajuaje mahali utani unaisha?"

Hapo angeweza kumwambia. Badala yake alitafuta neno la kuumiza, na kwa bahati mbaya akalipata.

"Wewe ulitaka makofi," alisema. "Miaka miwili hawakuoni kama mtu. Sasa umepata kiwete wa kuwapelekea, ndiyo wakupende."

Mvua ya saa tisa ilikuwa imeanza, ile ya kila siku, na watu walikuwa wanakimbilia vibarazani. Nyabate akatoka akaenda katikati yake polepole, kama mtu asiyejua kwamba kunanyesha.

Jumamosi iliyofuata dirisha la juu halikufunguliwa. Aron alisikiliza viatu vikipanda, akitafuta mwendo wa Nyabate, akadhani ameusikia, kisha akasikia vishindo vikishuka haraka kabla hata wimbo wa kwanza haujaanza. Hakuinua kichwa kutazama. Kila jioni alitoa simu, akaandika namba anayoijua kwa moyo, akakata kabla haijaita. Alijiambia atapigiwa yeye. Alipika chakula cha mtu mmoja, akakila nusu, akalala na redio ikiongea ili chumba kisinyamaze. Wiki ya tatu alijisukuma hadi nyuma ya soko. Kibanda cha ushonaji kilikuwa kimefungwa, na mwenye duka jirani akamwambia yule dada alishahama.

Aliyemletea habari ni Chepngeno, mama wa makamo aliyeimba alto bega kwa bega na Nyabate. Alikuja na simu ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Hii ni nzima, mama," Aron alisema.

"Najua ni nzima." Chepngeno alivuta stuli, akakaa. "Nyabate hakukuambia alichosema kwa kwaya?"

"Hatuongei."

"Siku ile ya mwisho alisimama mbele ya kila mtu. Akasema mazoezi yarudi kule chini kwa nasari. Anayetaka kuimba amesimama asimame, anayetaka kukaa akae, mstari ukipinda upinde. Mwalimu akasema kwaya haiwezi kushushwa kwa ajili ya mtu mmoja. Halafu mtu fulani huko nyuma akasema mgeni asitupangie. Nyabate akachukua mkoba wake, akashuka."

Aron aliikumbuka ile milio ya viatu. "Na wewe ulisema nini, mama?"

Chepngeno alijitazama mikono. "Sikusema kitu. Hiyo ndiyo imenileta hapa."

Basi ndiyo hivyo. Yale makofi aliyomsimanga nayo, Nyabate aliyatupa mwenyewe, tena wiki moja baada ya kutukanwa. Aron aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

"Yuko wapi?"

"Kedowa, kwa shangazi yake anayeuza viazi."

Jumamosi asubuhi Aron alifunga duka, akajisukuma hadi stendi. Wapiga debe walimjua. Kwa miaka sita hakuwahi kuwaomba hata maji.

"Naomba mnibebe," alisema. Mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Naenda Kericho. Wewe nishike hapa chini ya magoti, wewe hapa mgongoni. Kiti kinakunjwa hivi. Na tafadhali, mtu asipige makofi."

Hakuna aliyepiga. Kericho aliwaeleza watu asiowajua kabisa maneno yaleyale, na walipokosea alisema wamekosea, wakarekebisha. Kedowa alishushwa kando ya marundo ya viazi na karoti, shati limeloa jasho ingawa upepo wa huko ulikuwa wa kukata masikio.

Alimwona kwenye kibaraza cha bati, mbele ya cherehani, mguu kwenye pedali. Alikuwa amekonda. Pedali ikasimama.

"Umefikaje?" Nyabate aliuliza.

"Nilisikia Kedowa kuna simu nyingi zimeharibika."

Nyabate alirudisha macho kwenye kitambaa. "Kama ni utani, rudi Litein. Nimechoka kukutafuta chini ya kicheko."

Aron alisogeza kiti karibu na cherehani.

"Nimebebwa," akasema. "Mara nne, kupanda na kushuka. Niliomba mwenyewe." Kisha akamwambia yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu: jinsi alipotoka hospitalini walivyomnyanyua mbele ya kanisa lililojaa, mtu akishika maikrofoni akisema mwoneni, mwoneni, watu wakipiga makofi, na yeye akitamani kufa. "Ile siku nilisikia makofi yaleyale. Wewe hukujua. Nilipaswa kukwambia, nikakuumiza. Lile neno lilikuwa la uongo, Nyabate. Nililisema ili uumie kama mimi. Nisamehe."

Nyabate alikuwa analia bila kujifuta.

"Nilikaa miaka sita peke yangu nikazoea," Aron aliendelea. "Sasa siwezi tena. Nataka nikuoe. Sijui nani atahamia wapi."

"Litein sirudi."

"Sijakuomba urudi."

"Na bado naumia. Siwezi kukwambia ndiyo leo, eti kwa sababu umekuja."

"Najua."

"Lakini usiende."

Nyuma ya kibaraza sauti ya kike ilimwita Nyabate, ikauliza kwani leo hawaimbi. Alijifuta uso kwa kipande cha kitenge, akamwongoza Aron hadi ghala la mahindi lenye mlango mpana. Ndani kulikuwa na watu tisa, wote wamekaa juu ya magunia na mabenchi.

"Hapa tunaimba tumekaa," Nyabate alisema. "Wawili magoti yao ni mabaya, mmoja ananyonyesha, na shangazi anakataa tu kusimama. Wimbo mmoja wa Kikipsigis, mmoja wa Kikisii, mmoja wa Kikikuyu. Tunaharibu yote sawasawa."

Shangazi alimpungia mkono aingie, bila kuuliza ni nani. Aron alisogea mpaka ubavuni mwa Nyabate. Alitazama kushoto na kulia, na kwa mara ya kwanza tangu ajali alimwona kila mtu usoni bila kuinua shingo. Utani ulimjia ulimini, akauacha upite.

"Naogopa," alimnong'oneza.

"Hata mimi," Nyabate alisema, akatoa sauti ya kuanzia.