Chanzo Kilichokuwa Ndani ya Pipa

Kila asubuhi, lori la maji lilipopiga honi nyuma ya soko la Custom, Pearl alijaza pipa la mama yake, Namutebi, aliyeuza chai pale. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alitia vidonge vya dawa ya maji, akafunika, akaenda shule.

Wiki moja mdogo wake Kisakye, mtoto wa miaka miwili, aliharisha. Zahanati ilimtibu akapata nafuu. Siku ya tatu aliharisha tena, akalegea kama kitambaa kibichi, na Pearl na mama yake wakamrudisha zahanati.

Sista Bilha, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyefundisha klabu ya afya shuleni kwa kina Pearl. Aliwafundisha kuandika kama wauguzi: tatizo, chanzo, dalili. Alipokuwa akimnywesha Kisakye maji ya chumvi na sukari, Pearl alimwonyesha daftari lake.

“Tatizo: upungufu wa maji mwilini,” Sista alisoma. “Chanzo: midomo mikavu na macho yaliyozama.”

“Midomo tumeshapaka mafuta,” Pearl alisema.

“Ikilainika, atapona?”

Pearl alitikisa kichwa.

“Midomo inatuonyesha tatizo, haikulileta. Maji yamemwishia kwa nini?”

“Anaharisha.”

“Na kuharisha kumetoka wapi? Nisipojua, mtarudi tena, na mwili wake hauna nguvu ya kurudi mara nyingi.”

“Sista, maji yetu iko safi,” Namutebi alisema. “Pearl anawekanga dawa kila siku.”

Kisakye alilia bila machozi. Pearl alitazama sakafu.

“Sijatia tangu Jumatatu, Mama. Wateja walisema chai inanuka dawa, wakahamia kwa jirani. Nikajua chai inachemshwa, haitadhuru mtu. Nilisahau kwamba Kisakye huchota pipani kwa kikombe.”

Namutebi alimgeukia. “Kumbe. Na mimi nafikiri tangawizi yangu ndiyo iliwarudisha wateja.”

Pearl alifuta mstari wa chanzo, akaandika: “Kuharisha, kwa sababu ya maji niliyoacha kutia dawa.” Midomo na macho akavihamishia kwenye dalili.

Jioni hiyo walisafisha pipa, wakatia dawa, na maji ya kunywa wakayatenga kwenye jerikani yenye kifuniko. Ijumaa Kisakye alikuwa akikimbiza mbuzi wa jirani.

Sista Bilha alimrudishia Pearl daftari. “Dalili huonwa na kila mtu aliye na macho,” alisema. “Chanzo wakati mwingine hujulikana na mtu mmoja tu. Akikificha, sisi wengine tutabaki kupaka midomo mafuta.”