Mwandiko Mzuri wa Severina

Uliona, ukageuza uso. Ulipita dirishani kwenye maabara ya sekondari ya kata yako, ukaona wavulana wamezunguka meza ya vifaa na wasichana wako pembeni na kalamu. Ukaenda zako. Basi leo kaa usikie yaliyompata Chediel, mkulima wa vitunguu wa Issuna.

Binti yake mkubwa, Severina, alitaka kuwa muuguzi. Mwandiko wake ulisifiwa shule nzima, kwa hiyo kila kipindi cha kemia alipewa kazi ya kuandika majibu ya kundi. Wavulana walipima na kuchanganya. Yeye aliandika, kisha akaosha vyombo. Siku moja alimwambia baba yake kwamba naye anatamani kushika vifaa. Chediel akacheka. Akasema vioo hivyo awaachie wavulana, karani ndiye bosi wao.

Ikafika siku ya mtihani wa taifa wa vitendo. Kila mtu na meza yake. Severina alizijua kanuni zote, lakini bureti, lile bomba la kioo lenye koki chini, hakuwahi kuifungua. Akaizungusha koki mpaka mwisho. Asidi ikamwagika yote kwa mkupuo. Akabaki amesimama mpaka muda ukaisha.

Kemia akafeli. Chuo cha uuguzi hakikumpokea. Majirani wakasema sayansi si ya wasichana, na Chediel akaitikia, mtoto akisikia. Hilo linamuuma Chediel mpaka leo.

Mdogo wake Severina, Lucy, alipofika kidato cha tatu, mwalimu mpya wa kemia, Catherine, aliita kikao cha wazazi. Chediel akasema wanawe wana vichwa vya kuandika tu, akasimulia Severina alivyofeli.

Mwalimu akamuuliza, "Mzee Chediel, baiskeli ulijifunza kwa kuandika daftarini?"

Watu wakacheka.

"Nilianguka nayo mpaka nikajua," akajibu.

"Basi Severina hakukosa akili. Hakupewa nafasi ya kuanguka. Asiyeshika huogopa, na akiogopa anajiona hawezi."

Akaeleza kuwa sasa kila mwanafunzi atapima kwa zamu, atachanganya kwa zamu, ataandika na kuosha kwa zamu.

Fabiano, baba wa mvulana mmoja, akaguna. "Kwa hiyo kijana wangu ndiye ataosha vyombo?"

"Ataosha, Fabiano," Chediel akasema. "Na akimaliza atakausha."

Mwanzoni Lucy alimwaga, akapitisha kipimo, hata akavunja chupa. Mwalimu akamrudisha mezani. Mtihani wa majaribio ulipofika alipima peke yake, mkono umetulia, akafaulu vizuri.

Alikuja nyumbani mbio kutoa habari. Severina alikuwa uani anakata vitunguu majani.

"Hongera, mdogo wangu," akasema. Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, hicho kikao, mbona kwangu hakikuwepo?"

Chediel akavuta kigoda, akaanza kukata vitunguu naye.

Wewe unalo jibu? Binti yako bado yuko shuleni. Kesho asubuhi nenda. Usiulize amepata ngapi. Uliza ameshika nini kwa mikono yake, na usitoke getini mpaka uoneshwe.