Fundi Aliyengoja Figo ya Nguruwe

Mara tatu kwa wiki, fundi wa kuchomelea mageti alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mkewe, mshonaji, ndiye aliyempeleka. Wakirudi, fundi alilala hoi. Kazi ilikuwa imemshinda.

Jumatatu moja aligoma kutoka kitandani.

"Siendi," alisema. "Redioni wamesema madaktari wamepata figo za nguruwe. Nangoja hiyo."

"Utangoja na damu chafu mwilini?"

"Nimechoka kutobolewa mkono, mama watoto."

Siku ya nne miguu ilivimba, pumzi zikambana. Mkewe akamkimbiza hospitali. Muuguzi alimwunganisha na mashine haraka. Fundi alipotulia na mkewe kueleza habari ya redioni, muuguzi akavuta kiti.

"Baba, ulichosikia ni kweli," alisema. "Mwili wa mtu huona kiungo cha mnyama kama adui, hukishambulia. Ndiyo maana wataalamu hubadilisha vinasaba vya nguruwe, yaani yale maelekezo ya mwili anayozaliwa nayo, ili figo yake ipokelewe."

"Basi nipeni. Nikianza kukoroma kama nguruwe, mtanivumilia."

Mkewe alishindwa kucheka.

"Hapa haipo, baba. Bado wanaijaribu kwa watu wachache sana, na wengine miili yao imeikataa. Ukiacha mashine uingoje, utakufa kabla haijafika. Je, una ndugu anayeweza kukupa figo yake moja?"

Mkewe akajibu, "Ana dada yake."

Dada mtu, mpishi wa shule, alifika siku hiyo hiyo, aproni bado kiunoni. Alipimwa damu, mkojo na moyo. Wiki mbili baadaye daktari akawaita. Dada hakufaa kutoa figo. Presha yake ilikuwa juu, na figo zake zilikuwa zimeanza kudhoofika bila mwenyewe kujua.

Alilia. "Nimekuangusha, kaka."

"Acha maneno hayo. Mimi nilichelewa kupimwa. Wewe umewahi. Meza dawa."

Akameza. Akapunguza chumvi, akahudhuria kliniki kila mwezi. Fundi naye hakukosa tena siku ya mashine. Mtu wa kumpa figo alikuwa bado hajapatikana.

Mwaka ulipopita, dada alipiga simu: presha imeshuka, figo hazijaharibika zaidi. Mkewe alimweleza fundi akiwa amelala kwenye mashine.

"Angalau mmoja wetu amewahi," fundi alisema, kisha akageukia ukutani.