Homa ya Ukuta

Kila alipotoka shule, Brashi alivua sare, akavaa gauni lake lenye madoa ya rangi, akaenda kumtafuta mama yake kwenye vumbi. Brashi lilikuwa jina la utani alilopewa na watoto wa mtaa. Mama yake alinunua nyumba kuukuu za mjini, zile zilizojengwa kwa safu zikashikana kuta, akazikarabati na kuziuza. Familia iliishi humo humo katika nyumba inayotengenezwa. Ikishapendeza inauzwa, nao wanahamia gofu jingine. Brashi alikuwa amechoka kuhama. Alisema raha za nyumba wanazila wengine, yeye anakula vumbi.

Safari hii mama alitoa ahadi. Hii ikiuzwa, wangenunua ya jirani, ambayo mwenyewe aliifunga zamani akaondoka, na humo wangekaa moja kwa moja. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, muuguzi mwenye mtoto mdogo. Angekuja Jumamosi kuitazama mara ya mwisho.

Kazi iliyobaki ilikuwa ukuta wa chumba cha nyuma, uliopakana na nyumba ile iliyofungwa. Mama hakupaka rangi ukuta wowote kabla ya "kuupima homa". Aliweka mgongo wa kiganja ukutani, kama anayemgusa mtoto kwenye paji la uso, akatulia. Mtu akiugua huwa moto, alizoea kusema, lakini ukuta ukiugua hupoa, kwa sababu una maji ndani. Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, alipokwenda kununua saruji, alimwachia Brashi kazi.

"Upime homa kwanza," alimwambia. "Ukiwa mzima, paka. Ukiwa mgonjwa, uache."

Brashi akaupima. Ukuta ulikuwa baridi kama mtungi, na chini yake kulikuwa na doa la ukungu. Akaifikiria Jumamosi, akafikiria kuendelea kuhamahama, kisha akachovya brashi na kupaka. Mama aliporudi na kuuliza, alijibu kwamba ukuta ni mzima. Mama akamsifu, naye Brashi akageuka upesi kwenda kuosha brashi.

Jumamosi muuguzi alifika na mtoto mgongoni. Alizunguka nyumba nzima akifurahi, na chumba cha nyuma kikampendeza kuliko vyote. Alisema hapo ndipo angemlaza mwanawe, maana walikokuwa wakikaa kulikuwa na unyevu, na mtoto alikuwa akisumbuliwa na kifua. Mtoto akakohoa. Muuguzi akamshusha, akamwekea mgongo wa kiganja kwenye paji la uso, akatulia.

Brashi alipouona mkono ule, hakuweza kunyamaza tena.

"Anti, mtoto asilale hapa," alisema. "Ukuta huu ni mgonjwa. Niliupima nikajua, halafu nikapaka rangi juu."

Mama akaugusa ukuta, na uso wake ukabadilika kwa aibu. Akamwomba muuguzi radhi, akamwambia hatamlaumu akitafuta kwingine. Muuguzi aliaga bila kuahidi lolote.

"Mama, mimi nilitaka kuliziba lile doa tu," Brashi alisema akilia.

"Hukuliziba, mwanangu. Umelivisha nguo."

Mama akamtafuta mwenye nyumba ya jirani, akapewa ufunguo, akaingia na fundi bomba. Huko wakakuta bomba limepasuka, maji yakinywewa na ukuta polepole. Bomba likatengenezwa. Brashi mwenyewe alikwangua plasta mpaka kwenye matofali, akaacha dirisha wazi, na kila akitoka shule aliupima ukuta homa. Muuguzi hakuonekana. Brashi alikuwa ameanza kukata tamaa alipomwona mlangoni.

"Nimeonyeshwa nyumba nyingi, na zote eti hazijawahi kuugua," muuguzi alisema akicheka. "Hii ndiyo ya kwanza kukiri. Nitaisubiri ipone. Na wewe, Brashi, ahsante. Umemwokoa mwanangu."

Nyumba ilipona, ikauzwa, na ahadi ya mama ikatimia. Jioni ya kwanza katika nyumba yao wenyewe, Brashi aliegemea ukuta ule ule, safari hii akiwa upande wa pili. Alimsikia mtoto wa jirani akicheka, bila kukohoa. Akamshukuru mama kwa kutomfukuza kazi.

Mama akatabasamu. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Rangi hupamba ukuta, lakini haiuponyi. Kilichouponya ni ule ukweli wako, hata kama ulichelewa."

Brashi akaweka mgongo wa kiganja ukutani. Ulikuwa mkavu.