Mwanamke wa Kaburi la Kumi na Saba

Asubuhi hiyo mkahawa wa tambi ulio mkabala na stesheni ya Lanzhou ulifurika hata watu wakawa wanakula wamesimama. Luo Yanqiu alipata kiti kwa bahati. Alikuwa amefunga koti lake jekundu hadi kooni, amepakata boksi. Mara mwanamume mrefu, viatu vimeganda tope, akajibana mbele yake na bakuli lililofuka mvuke.

"Dada, umelikumbatia boksi hilo kama mtoto mchanga. Lina nini?"

"Meno."

"Ya nani?"

"Ya mwanamke aliyekufa miaka elfu tatu na mia tano iliyopita. Kula, tambi zinapoa."

Jamaa akapaliwa na supu. Alipopata pumzi alicheka hadi watu wa meza ya jirani wakageuka. "Kaburi la kumi na saba? Mimi ndiye niliyemfukua! Naitwa Kang Shiyuan."

Walipeana namba za simu, kisha Shiyuan akarudi kuchimba makaburi yake ya kale jangwani, karibu na Zhangye. Yanqiu akabaki mjini kwenye maabara ya kupima mifupa ya kale, na mapenzi yakanoga kwa simu.

"Umekula, wewe?"

"Nimekula vumbi, mpenzi. Bibi yetu hajambo?"

"Hajambo kuliko wewe. Meno yote anayo!"

Kwa miaka minane Shiyuan alishikilia neno moja: waliozikwa pale na vioo vyao vya shaba walikuwa wenyeji, na ufundi wa kuyeyusha shaba waliubuni wenyewe. Kitabu chake cha kueleza hayo kilikuwa njiani kwenda kuchapwa.

Lakini maji anayokunywa mtu utotoni huacha alama kwenye jino. Vipimo vya Yanqiu vilionyesha kwamba mwanamke yule alikulia mbali sana magharibi, nyikani kwa wafugaji, ng'ambo ya milima ya Altai.

"Asijue mtu mpaka tupime tena," mkuu wa maabara akamwonya. "Hasa huyo mchumba wako."

Yanqiu akawa hakai, hasimami. Kumdanganya hawezi, kumwambia hawezi, akaacha kupokea simu. Siku kumi na mbili alisugua vyombo vilivyokwisha takata, akatembea kandokando ya Mto Manjano hadi miguu ikamvimba. Simu ilitetemeka mfukoni, naye akazidi kukaza mwendo.

Siku ya kumi na tatu alisimama mbele ya mkutano wa watafiti kusoma vipimo vya pili. Alipoinua macho, Shiyuan alikuwa safu ya nyuma, ndani ya suti ya kijivu, maua mkononi.

Alipomaliza kusoma, Shiyuan alikuwa ameshatoka; Yanqiu akamkimbilia koridoni.

"Nilidhani umepata mwingine," Shiyuan alisema. "Nimepanda treni nije kuomba radhi kwa kosa nisilolijua."

"Niliambiwa ninyamaze!"

"Kuhusu meno, sawa. Ulishindwa hata kusema, 'Mpenzi, nipo, ila kuna neno siruhusiwi kulitamka'?"

Akayaweka maua dirishani, akaenda zake.

Sasa ikawa zamu ya Yanqiu kupiga simu isiyopokelewa. Wiki moja ilimtosha. Alipanda treni hadi Zhangye, akamkuta Shiyuan amepiga magoti shimoni, brashi mkononi.

"Na kitabu?" akauliza.

"Nimekizuia kisichapwe. Nilimtaka bibi yetu awe wa hapa, nikasahau kumuuliza kwao wapi."

"Sikuja kwa ajili ya kitabu. Nilikukosea, Shiyuan. Nilikuacha gizani."

Shiyuan alifuta vumbi usoni, akalizidisha. "Nimepata kazi Almaty, ng'ambo ya mpaka huko magharibi, miaka miwili. Nataka kujua watu wake walikuwa akina nani. Naondoka mwezi ujao. Twende wote."

"Maabara yangu iko Lanzhou. Mama yangu yuko Lanzhou."

"Najua. Ndiyo maana nauliza kwa sauti ndogo."

"Basi uliza kwa kubwa."

Akasimama. "Luo Yanqiu! Utakubali nikuoe?"

Majembe yakanyamaza. "Mjibu, dada, tuna kazi!" mchimbaji mmoja akapaza sauti.

"Nimekubali," Yanqiu akasema, machozi yakichanganyika na mchanga usoni. "Kuolewa. Almaty sijui."

Waliandikisha ndoa Jumanne, Lanzhou. Ijumaa Yanqiu alimsindikiza mumewe uwanja wa ndege, hakulia, akarudi na basi hali akibadilisha viti kana kwamba vyote vina miiba. Jumatatu, kabla hajavua hata kofia, aliingia kwa mkuu wa maabara na barua ya kuomba likizo ya mwaka mzima.