Majibu Yaliyogeuzwa

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akala chakula chake kilichofunikwa mezani, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya dada yake. Jina hilo alipewa na baba, kwa maana hakuna mtu nyumbani ambaye vidole vyake vilikimbia kwenye kibodi kama vyake.

Dada yake alikuwa akisomea ufamasia, na mitihani ilikuwa imekaribia. Kwenye kompyuta ile alikuwa na programu ya kujipima. Inakuuliza swali, unachagua jibu. Ukipata, kioo kinawaka kijani. Ukikosa, kinawaka nyekundu, na swali hilo unarudishiwa mpaka likukae kichwani. Ila lazima kwanza mtu ayaingize maswali yenyewe.

Mtu huyo alikuwa Chapuchapu. Muhula mzima alichapa kutoka kwenye vitabu vya dada: majina ya dawa yanayovunja ulimi, dawa ipi haipatani na ipi, mtoto apewe kiasi gani.

"Ukimaliza, mdogo wangu, nitawaambia wenzangu wote kwamba kazi ni yako," dada alimwahidi.

Jumamosi moja wanafunzi wenzake dada walikuja kusoma pamoja naye. Wakaiona programu, wakaisifu, kila mmoja akainakili.

"Nani kaifanya kazi yote hii?" mmoja akauliza.

"Nani mwingine?" dada akajibu, akijipiga kifua.

Chapuchapu alikuwa anaingia na sinia la chai. "Lakini dada, mimi ndiye niliyechapa..."

"Huyu?" dada akacheka. "Huyu ni vidole tu. Kichwa bado kiko njiani, kinakuja."

Sebule nzima ikaangua kicheko. "Basi Vidole, tuongezee sukari!" akadakia mwingine. Tangu hapo kila walipokuja kuinakili upya programu walimwita hivyo, na dada hakuwakataza.

Chapuchapu hakulia. Alikwenda jikoni akasugua sufuria moja mpaka ikang'aa, moyo ukimchemka. Vidole tu, eh? Basi ataona vidole vinaweza nini.

Kesho yake dada alipokwenda kuoga, Chapuchapu aliifungua programu. Hakufuta kitu, maana kufuta kungejulikana upesi. Aligeuza majibu. Palipokuwa na nusu kijiko akaweka vijiko viwili. Dawa iliyokatazwa kwa wajawazito akaifanya inafaa. Kila alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi alisikia raha, kama mtu anayejikuna mahali panapowasha.

Jioni alijifanya anasoma, kumbe sikio liko kwa dada.

"Nyekundu?" dada alinung'unika. "Mbona nilijua ni nusu kijiko?"

Swali likarudi, akajibu vilevile, ikawaka nyekundu tena. Liliporudi mara nyingine akachagua vijiko viwili, kijani kikawaka. "Kumbe nilikariri vibaya!" akajisemea. Vitabu vilikuwa pale pale mezani, hakufungua hata kimoja. Chapuchapu akauficha mdomo nyuma ya daftari asije akacheka.

Siku zilizofuata alikula kwa hamu na kulala fofofo. Tayari alimwona dada amefeli, amejiinamia, na wale mabingwa wa vicheko wanamcheka yeye.

Kisha siku moja ya mvua mama akamtuma ampelekee dada mwavuli, kwenye duka la dawa alikokuwa akifanya mazoezi ya kazi. Alimkuta nyuma ya kaunta, ndani ya koti jeupe. Mfamasia mwenye duka, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuwa chumba cha nyuma akipokea maboksi.

Akaingia mwanamke mmoja amembeba mtoto mchanga aliyelegea kwa homa. Dada akasoma jina la dawa tu kwenye karatasi ya daktari, akaijaza dawa ya maji kwenye chupa ndogo, akaandika kibandiko.

"Mpe vijiko viwili, mara tatu kwa siku," alisema kwa kujiamini kabisa.

Chapuchapu alilijua jibu lile. Lilikuwa lake. Mtoto akageuza kichwa, akamtazama kwa macho mekundu ya homa, na ile raha yote ikamwisha.

"Dada, usimpe! Ni nusu kijiko! Mimi ndiye niliyegeuza majibu!"

Mfamasia akatoka upesi. Aliisoma karatasi, akakisoma kibandiko, akakibandua na kuandika kingine. "Nusu kijiko, mwanangu. Nusu tu," alimwambia yule mama, akamwonyesha kwa kijiko chenyewe.

Mteja alipotoka tu, dada akainua mkono. "Ulitaka kuniharibia maisha! Leo nitakukomesha!"

"Ndiyo, nilitaka ufeli!" Chapuchapu alifoka, machozi yakimtoka. "Nilitaka wakucheke wewe!"

"Shusha mkono huo," mfamasia alisema. "Nyinyi wawili, nendeni mkasahihishe kila swali, kitabu kikiwa wazi. Na wote walionakili waambiwe leo hii."

Ilikuwa kazi chungu. Chapuchapu alisimama mbele ya wale wanafunzi akaeleza alichofanya, na safari hii hakuna aliyecheka. Dada akasema akiangalia sakafu, "Na maswali yote aliyachapa yeye. Mimi nilijisifia kazi isiyo yangu." Hata hivyo hawakusemezana siku kadhaa, ila kwa mambo ya programu tu.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, dada alikuwa amefaulu. Wakaenda pamoja kumpa mfamasia habari. Alimpongeza, kisha akamkazia macho.

"Kompyuta hukurudishia kile ilichoambiwa. Ulikuwa unajua nusu kijiko, na kitabu kilikuwa mbele yako. Ukiona shaka, fungua kitabu. Na mtu akikufanyia kazi, mtaje."

"Nimekuelewa, mama."

Akamgeukia Chapuchapu, sauti yake ikashuka. "Ulikuwa na haki ya kukasirika. Ungemwambia dada yako usoni, au ungemwambia mama yako. Lakini yule mtoto hakukuita Vidole, mwanangu. Hakukukosea lolote. Na yeye ndiye angeinywa hasira yako."