Tairi Lisiloaga

Maiti ilikuwa bado imeshika usukani.

Hilo ndilo Inspekta aliloliona kwanza alipoinama kwenye dirisha la gari lililobonyea ukutani. Mikono miwili, glavu nyeusi, vidole vimekaza. Mtu anayeona ukuta unakuja huachia usukani akajikinga uso. Huyu hakuwa amejikinga. Kifo kilimkuta akiwa kazini.

Aliitwa Sikio, na kila mpenzi wa mashindano ya magari alijua sababu. Madereva wengine huendesha kwa macho; yeye alisikiliza matairi. Akifika kwenye kona, aliongeza mwendo mpaka yaanze kulia, kisha akaushikilia mlio huo huo hadi kona iishe, kama mama anayechemsha maziwa na kuyazuia yasimwagike. Mlio ukizidi, alipunguza. Ukififia, aliongeza. Alikuwa amestaafisha vijana wengi kwa ufundi huo, na asubuhi hiyo alikuwa mazoezini tu, uwanja mtupu. Mzunguko wa kwanza alikwenda pole pole. Wa pili alipofika kona ya kwanza alitoka barabarani, akauvuka mchanga uliowekwa kupokea magari yaliyoteleza, akaugonga ukuta wa zege.

Inspekta alikuwa mama wa makamo asiyependa magari hata kidogo. Alikuja na viatu visivyofaa mchanga, akavimwaga, akavivaa tena, akavimwaga tena. Koplo wake, kijana mwepesi wa kukata shauri, alikwishasema ni ajali kabla hawajashuka garini.

Mashahidi walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mdogo wake marehemu, fundi mkuu wa gari hilo, aliyekuwa mlangoni mwa gereji. Alieleza kwa sauti ya kutulia. Alisikia matairi yakilia kwenye kona kama kawaida, mlio ukawa mrefu, halafu mshindo. Kwake ilionekana breki zilikuwa zimekataa.

Wa pili alikuwa mjane, aliyesimama kando ya uzio. Alikuwa amejifunga khanga mabegani, akiitazama kona kana kwamba mumewe angetokea tena.

"Kulikuwa kimya," alisema. "Miaka yote nimeijua kona hii kwa kelele. Leo alipita kimya. Nilianza kukimbia kabla hajagonga."

Inspekta aliandika yote mawili. Lakini moyoni alimwamini fundi. Mjane alikuwa amechanganyikiwa, na watu waliochanganyikiwa husikia mengi na hukosa kusikia mengi. Hivyo ndivyo alivyowaza, na baadaye wazo hilo lilimkera.

Mchana huo binti wa marehemu, aliyefanya kazi gerejini, alikuja kituoni kwa miguu yake, ovaroli lake bado lina mafuta. Alisimama mbele ya kaunta akasema yeye ndiye aliyemuua baba yake. Alikuwa amebadilisha mafuta ya breki jioni iliyotangulia. Bomba moja la breki lilikuwa limekatika kwenye kiungo, amesikia mafundi wakisema, na kiungo hicho alikikaza yeye. Hakuulizwa swali. Aliomba tu afungiwe.

Koplo alifurahi kimya kimya: kesi imejileta yenyewe. Inspekta hakufurahi. Alimtazama yule msichana akiketi kwenye benchi la mahabusu, amejikunyata, akizitazama kucha zake, naye akaona kwamba kama jambo hili halitapatiwa jibu la hakika, huyu mtoto atajihukumu mwenyewe maisha yake yote. Hakimu anaweza kumwachia. Yeye hatajiachia.

Maabara ya polisi ilichukua siku kadhaa. Mkaguzi wa magari, mzee mcheshi aliyezoea kula karanga juu ya ripoti, alimpigia simu na habari mbaya. Bomba lilikatika, lakini kama lilikuwa limelegea kabla ya mgongano au lilikatwa na mgongano wenyewe, hakuna darubini ambayo ingeweza kusema.

"Na mengine?" Inspekta aliuliza.

"Mengine safi. Matairi ndiyo usiseme. Mapya, laini, ya kushika barabara kama gundi. Gari lile lingependeza dukani, afande."

Inspekta alikuwa karibu kukata simu. Sijui nini kilimzuia; labda ni ile khanga ya mjane. Aliuliza kama matairi ya namna hiyo hulia kwenye kona.

Upande wa pili karanga zilinyamaza.

Mkaguzi alimweleza taratibu. Tairi la kawaida lina mpira mgumu na mifereji mingi, na mifereji hiyo huugawa uso wake kuwa vipande vidogo vidogo. Likianza kuteleza, vipande hivyo hunasa barabara na kuachia, hunasa na kuachia, haraka kupita kiasi, na mtetemo huo ndio kilio tunachosikia. Ni kama kidole kilicholowa kinavyolia juu ya kioo. Lakini tairi laini la mashindano lina mifereji michache, na mpira wake unaumeza ule mtetemo na kuugeuza joto. Hushika zaidi, kisha likishindwa, linateleza kwa mkwaruzo mdogo wa msasa. Dereva aliyevaa helmeti, injini ikinguruma, hasikii kitu.

"Linashika kuliko mengine," alimaliza mkaguzi, "ila likiondoka haliagi."

Inspekta aliweka simu chini. Mjane hakuwa amechanganyikiwa hata chembe. Basi fundi alikuwa amesikia nini?

Alirudi mahabusu, akaketi benchi moja na binti. Hakuanza na matairi. Alimwomba amweleze kazi ilivyofanyika gerejini, hatua kwa hatua, kama anamfundisha mjinga. Binti alieleza kwa utii. Kwao mtu akimaliza kazi yake huweka alama ya chaki. Mstari maana yake kila kitu kiko kama jana. Duara maana yake kuna kitu kipya, nenda pole pole kwanza.

"Baba hakukagua kazi ya mtu," alisema. "Alisema kumkagua mwenzako ni kumwita mwongo. Alitazama chaki, akapanda."

"Wewe uliweka nini?"

"Duara, kwenye nguzo ya usukani. Mafuta yalikuwa mapya."

"Na matairi?"

"Hayo ya baba mdogo. Siyagusi."

Inspekta alifungua bahasha ya picha zilizopigwa uwanjani. Alizipitia moja moja mpaka akafika kwenye gurudumu la mbele la kushoto, ambalo halikuguswa na ukuta. Ubavuni mwa tairi, karibu na rimu, kulikuwa na chaki. Ilikuwa mstari. Tairi jipya kabisa, la aina nyingine, limeandikwa kwamba liko kama jana.

Kabla ya kwenda kwa fundi alipita kwa mjane, akamwomba radhi bila kueleza radhi ya nini. Mjane alimmiminia chai. Katika mazungumzo alitaja, bila kulipa uzito, kwamba usiku wa kuamkia msiba mumewe alikuwa ametangaza mezani kwamba anaacha mashindano, na kiti chake atakikalia binti. Wote walipiga makofi. Shemeji yake ndiye aliyesimama wa kwanza kumkumbatia mtoto.

Siku iliyofuata Inspekta alimwita fundi uwanjani. Walisimama mlangoni mwa gereji, pale pale aliposimama asubuhi ya msiba. Dereva wa polisi alikuwa ndani ya gari jingine, limefungwa matairi kama yale. Inspekta aliinua mkono. Gari likaondoka, likaingia kona, mkia wake ukatupwa nje, likateleza upana wote wa barabara, likajiweka sawa, likaenda zake.

"Umesikia nini?" Inspekta aliuliza.

Fundi aliendelea kuitazama kona.

"Mimi nimesikia injini. Koplo?"

"Injini, afande."

"Wewe uliniambia yalilia."

"Nilichanganyikiwa. Ni kaka yangu yule."

"Wewe ndiye uliyeyafunga matairi?"

"Yeye aliyataka."

"Alijua yamefungwa?"

"Alijua."

Inspekta alimpa picha. "Basi duara liko wapi?"

Fundi aliishika picha kwa mikono yote miwili. Aliitazama muda mrefu mno kwa mtu ambaye mwandiko ni wake. Inspekta hakumharakisha. Aliinama akamwaga mchanga wa viatu, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani, kwamba binti bado yuko kituoni. Hali chakula vizuri. Anasema ni kile kiungo, kwamba anakumbuka kukikaza, na kila akikumbuka anaona alikikaza kidogo kuliko alivyodhani.

"Nikimpeleka mahakamani atakiri," alisema. "Utamwachia aubebe mzigo wako?"

Fundi alikaa chini, palepale sakafuni, mgongo kwenye mlango wa gereji.

"Aliniahidi kile kiti," alisema. "Tangu tukiwa vijana. Aliniambia shika spana, siku nikichoka wewe ndiye utakayepanda. Nimelala chini ya lile gari mpaka mgongo umepinda. Halafu anatangaza kwenye sahani ya chakula, na mimi natakiwa kupiga makofi."

"Ukaamua afe."

"Hapana, afande. Haki ya Mungu, hapana. Nilitaka aaibike. Ausubiri mlio asiupate, ateleze, azame kwenye mchanga mbele ya mtoto wake. Ajue masikio yamezeeka. Kisha anione mimi." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Nilihesabu kwa mwendo wake wa siku zote. Mchanga ungemshika."

"Haukumshika."

"Kwa sababu sikuwaza. Mimi naangalia matairi yakiwa juu ya jeki, sijawahi kuyaendesha kwenye ile kona. Tairi la kimya ni hilo hilo linaloshika. Alipokosa mlio alidhani bado ana nafasi, akaongeza. Likashika. Akaongeza tena. Alipoteleza alikuwa na mwendo ambao hakuwahi kuwa nao maishani, na hakujua."

Koplo, ambaye kwa kawaida huwa na la kusema, alitazama pembeni.

"Na mwanao?" Inspekta aliuliza. Hakusema binti wa kaka yako. "Ulipomwona anakwenda kituoni?"

Fundi alinyoosha mikono kabla ya kuombwa, na Koplo akamfunga pingu kwa upole usio wa kawaida yake.

Inspekta mwenyewe ndiye aliyefungua mlango wa mahabusu. Alimweleza binti yote, bila kupamba na bila kupunguza. Msichana hakuruka kwa furaha. Ni furaha gani, baba amekufa na baba mdogo amemuua. Aliuliza swali moja tu.

"Duara langu aliliona?"

"Aliliona. Ndiyo maana mzunguko wa kwanza alikwenda pole pole. Alikuwa anazijaribu breki zako. Zikashika." Inspekta alimwekea mkono begani. "Angekuwa na shaka nazo, mwanangu, asingeongeza mwendo."

Binti alikaa tena kwenye benchi ingawa mlango ulikuwa wazi. Tangu msiba alikuwa hajatoa chozi. Muuaji, alikuwa akijiambia, ana haki gani ya kumlilia mtu aliyemuua mwenyewe? Sasa alijiinamia, akamlilia baba yake kama mtoto yeyote aliyefiwa, na Inspekta akaketi naye mpaka alipomaliza.